Jeni Iliyokatwa Mkia

Seli ya T, askari wa kinga ya mwili, haiui kila inachokutana nacho. Kwenye utando wake ipo protini iitwayo PD-1, nayo ni breki. Seli nyingine ikiikanyaga breki hiyo kwa protini yake ya PD-L1, askari anashusha silaha. Seli za kawaida hufanya hivyo kwa kiasi, ili kinga isiushambulie mwili wenyewe. Saratani hufanya bila kiasi. PD-L1 nyingi namna hiyo inatoka wapi?

Mwaka 2016, katika jarida la Nature, kundi la Seishi Ogawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto lilitoa jibu mojawapo. Walianza na lukemia ya seli za T ya watu wazima, ugonjwa mkali unaoletwa na virusi vya HTLV-1 na unaofahamika sana kusini magharibi mwa Japani. Walisoma jenomu nzima ya sampuli 49. Neno "nzima" ndilo lenye uzito. Njia nafuu ni kusoma zile sehemu zinazoandika protini tu, na aliyeifuata angelipita jibu bila kuliona, maana hitilafu ilikuwa mkiani.

Jeni ikinakiliwa kuwa RNA, nakala hiyo hubeba mwishoni kipande kisichoandika protini yoyote, ndio mkia wenyewe. Hapo hujishikiza molekuli zinazoamuru nakala ivunjwevunjwe. Katika asilimia 27 ya sampuli, kromosomu ya 9 ilikuwa imevurugika mahali hapohapo, kwenye mkia wa jeni ya PD-L1. Kwa mgonjwa mmoja kipande kimefutika, kwa mwingine kimegeuzwa, kwa mwingine kimerudiwa au kuungwa na kromosomu ngeni. Ajali tofauti kabisa, tokeo moja: nakala isiyo na mkia inadumu, na PD-L1 inazidi kutengenezwa. Kwangu mimi, kufanana huko kwa matokeo ni dalili nzito kwamba uvimbe unafaidika na hitilafu hiyo.

Hata hivyo, kukuta mkia umekatika na PD-L1 imejaa hakuthibitishi kwamba hili limezaa lile. Wakachukua CRISPR, mkasi wa jeni, wakaharibu mkia peke yake katika seli za uvimbe wa panya. PD-L1 ikapanda, na seli hizo zikaponyoka kinga ndani ya panya. Walipoziba njia ya PD-1 na PD-L1 kwa kingamwili, uvimbe ukadhibitiwa. Ndipo wakapekua zaidi ya sampuli 10,000 za saratani nyingine, wakaikuta hitilafu hiyohiyo hata katika asilimia 2 ya saratani za tumbo.

Basi dawa ipo? Katika limfoma ya Hodgkin, ambako nakala za jeni hiyohiyo huzidishwa, nivolumab inayoziba PD-1 iliwasaidia wagonjwa 20 kati ya 23, kwa taarifa ya mwaka 2015. Lakini mwaka 2018, nchini Marekani, wagonjwa 3 wa lukemia hii ya HTLV-1 walipewa dozi moja tu ya dawa hiyo, na ugonjwa ukapamba moto haraka. Maelezo yenye nguvu ni kwamba hapa saratani yenyewe ni seli ya T, nayo ina breki ileile. Ukiiondoa, unamfungua askari na mhalifu kwa pamoja. Kwa maoni yangu, kabla ya kutegemea kipimo cha mkia wa PD-L1 katika kuamua nani apewe dawa hiyo, ni lazima kwanza ijulikane kama seli za saratani za mgonjwa huyo zingali na PD-1.