Ngoma Isiyonyanyuka: Jinsi Mizimu ya Karagwe Ilivyoulizwa

Katika miaka ya 1850 Ndagara, mtawala wa Karagwe, ufalme uliokuwa kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, alifariki na kuacha watoto watatu wa kiume waliokuwa na haki ya kudai enzi, kila mmoja wa mama yake. Wakubwa wa baraza walileta ngoma ndogo, wakaiweka chini mbele yao. Kwa uzito wake wa kawaida ngoma hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya, ila ilikuwa imetiwa dawa, na kwa mtu ambaye mizimu haikumtaka iligeuka nzito hata isinyanyuke. Wawili walihangaika nayo wasiweze kuisogeza. Wa tatu, Rumanyika, aliiinua kwa kidole cha mwisho.

Habari hii iliandikwa na John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Karagwe Novemba 1861, akakaribishwa vizuri, na akachapisha kitabu cha safari yake mwaka 1863. Aliyemsimulia ni Rumanyika mwenyewe, yaani mshindi, na mchambuzi asilisahau hilo hata kidogo. Pamoja na hayo, maelezo yana hatua za kutosha kutuonyesha utaratibu ulivyopangwa. Mazungumzo yetu kuhusu kuagua huishia haraka kwenye ubishi wa kama mizimu ipo au haipo, na hapo kila mtu hurudi kwake na imani aliyokuja nayo. Mimi naona swali la kiufundi lina manufaa zaidi. Kifaa kiliandaliwa na nani? Kilishikwa na nani? Jibu lilisomwa na nani, na nani mwingine aliweza kulihakiki?

Ili maswali hayo yapate kipimo, nianzie mbali, kwenye utaratibu ambao mgeni yeyote anaweza kusimama akautazama. Hekalu la Wong Tai Sin huko Kowloon, Hong Kong, limekuwa mahali lilipo tangu 1921. Ni hekalu la Kitao, ingawa Ubuddha na mafundisho ya Konfusio navyo vina nafasi humo. Mwenye shida huwasha udi, hupiga magoti, na hushika mkebe wa mwanzi wenye vijiti 100, kila kimoja na namba yake. Hutaja jina lake na swali lake, kisha huutikisa mkebe akiwa ameuinamisha kidogo, mpaka kijiti kimoja kichomoze na kuanguka sakafuni. Vikianguka viwili, huvirudisha na kuanza upya. Namba ya kijiti ina shairi lake lililokwisha kuandikwa zamani, mara nyingi likigusa kisa cha mtu wa kale. Pembeni mwa hekalu kuna safu ya vibanda vya wasomaji wanaolipwa kulifafanua shairi hilo.

Tazama kazi ilivyogawanywa. Msomaji wa kibandani hakugusa mkebe. Shairi hakulitunga yeye, na hawezi kulibadilisha, kwa kuwa mteja anaweza kwenda na namba ile ile kwenye kibanda cha jirani. Uhuru wake uko kwenye ufafanuzi tu, na huo ni mkubwa, sitaki kuupunguza: shairi lenye maneno ya mafumbo linaweza kuvutwa kuelekea biashara, ndoa au ugonjwa. Hata hivyo kuna mpaka. Kijiti kikisema ni bahati mbaya, msomaji hana njia ya kukigeuza kiwe bahati kubwa.

Mahekalu mengi ya kusini mwa China na Taiwan huongeza hatua ya uhakiki. Muulizaji huchukua vibao viwili vyenye umbo la hilali, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, akavidondosha chini. Kimoja kikionyesha ubapa na kingine mviringo, mungu amekubali. Vyote vikionyesha ubapa, mungu amecheka, na swali liulizwe upya. Vyote vikionyesha mviringo, jibu ni hapana. Wapo wanaotaka kukubaliwa mara tatu mfululizo kabla ya kukiamini kijiti. Kama vibao vingekuwa vinaanguka sawa kama sarafu, kukubaliwa mara moja kungekuwa na nafasi ya nusu, na mara tatu mfululizo moja kwa nane. Kwa hiyo vijiti vingi hukataliwa, na unaovikataa ni mkono wa mwenye shida mwenyewe.

Huku Maziwa Makuu wazo la kumwingiza muulizaji ndani ya kifaa lilikuwepo pia, kwa njia yetu. Ng'ambo ya mto Kagera, katika Rwanda ya wafalme, aliyetaka kuaguliwa kwa kuku, kondoo dume au fahali alitoa mate yake, yakaingizwa mdomoni mwa mnyama kabla ya kuchinjwa. Baada ya hapo matumbo yakasomwa. Mate yale yalimfunga mnyama na mwenye swali, ili yanayoonekana ndani yawe habari zake na si za mwingine. Kaskazini, Bunyoro, mwanaanthropolojia John Beattie aliyefanya utafiti huko miaka ya 1950 aliwakuta waaguzi wakirusha simbi tisa. Mkao wa simbi ulionekana na wote waliokaa pale. Usomaji ulibaki kwa mwaguzi.

Ramli ya watu wa pwani ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika uhakiki, na naisifu bila kusita kama kazi ya hesabu. Mpigaji huchora nukta bila kuzihesabu, mistari kumi na sita, kisha huziondoa mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili kwa kila mstari. Mistari minne hufanya umbo moja, kwa hiyo hupatikana maumbo manne ya kwanza, yaitwayo mama. Maumbo hayo yakisomwa kwa upande huzaa mabinti wanne. Hao nane hujumlishwa wawili wawili, na matokeo yao hujumlishwa tena, mpaka wabaki mashahidi wawili, na mashahidi huzaa hakimu. Maumbo yawezekanayo ni 16, lakini si kila moja kati ya hayo linaweza kuwa hakimu. Jumla ya nukta zake ni shufwa daima, kwa sababu kila nukta ya mama huingia kwenye hesabu mara mbili, mara ya kwanza kupitia mama na mara ya pili kupitia binti. Hakimu akitokea na nukta witiri, mpigaji amekosea au amechezea bao, na mtoto wa shule anayejua kujumlisha anaweza kumkamata.

Tukiwa na vipimo hivyo, ngoma ya Karagwe inaonekana tofauti kabisa. Dawa zake ziliwekwa na wengine. Ililetwa na wakubwa wa baraza, nao ndio waliokuwa mashahidi. Hapakuwa na bahati nasibu ndani yake: ngoma ama inanyanyuka ama hainyanyuki. Isitoshe, jibu lilikuwa linajulikana kabla. Speke huyo huyo anaeleza kwamba desturi ya nyumba ya mfalme ilimpa enzi mwana mkubwa miongoni mwa waliozaliwa baada ya baba kutawala, na kwamba Rogero, ndugu na mshindani wa Rumanyika, alikuwa mdogo kuliko wote. Matumaini yake yalitokana na baba yake kumwambia mama yake kwamba kijana angefaa sana kuwa mfalme, na mama akamlea kwa tumaini hilo.

Sasa mtazame yule ndugu mwingine aliyeshindwa, Nnanaji. Alikuwa upande wa Rumanyika. Alipoinama mbele ya wakubwa akashindwa kuinyanyua ngoma ambayo kwa kawaida ni nyepesi, alikuwa anatangaza kwa mwili wake kwamba hadai kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wa ngoma ulipo. Haikuundwa kumtafuta mrithi. Iliundwa ili kila mdai aonekane, mbele ya watu, akikubali au akikataa makubaliano yaliyokwisha kufikiwa. Uzito uliobebwa na ngoma uliletwa na waliokuja kuinyanyua. Wanaoiita hila tupu hawaitendei haki, kwa maana kikao cha wazee cha leo nacho huhitaji tendo la hadharani ambalo baadaye mtu hawezi kulikana.

Simulizi lina jaribio la pili pia, nalo halikuwa na nguvu hiyo. Rumanyika alisema aliketishwa mahali maalumu, ardhi ikapanda naye kidogo kidogo hadi mawinguni. Kama mizimu ingemkataa, kilima kingeporomoka ghafla naye angekufa. Speke alimuuliza kama huko juu aliona baridi. Rumanyika akacheka, akajibu kwamba ndiyo. Katika jaribio hili aliyejaribiwa ndiye chombo, ndiye shahidi na ndiye msomaji. Lilimtukuza mtu aliyekwisha kushinda, basi.

Ngoma ilikuwa na kasoro moja kubwa iliyoigharimu nchi. Kura ya kubahatisha ikimwangukia mwenzako, wewe hukupimwa ukaonekana pungufu, hukutajwa, yamekwisha. Ngoma ilimfanya Rogero atoke pale akiwa mtu aliyekataliwa na mizimu ya baba zake mbele ya baraza zima. Hakukubali. Alifukuzwa na ndugu zake wawili, lakini nusu ya watu wa nchi walimfuata, akakusanya jeshi. Kilichomrudisha nyuma ni bunduki. Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora, alitumia pembe zake za ndovu kuwakodi watumwa wa Waarabu waliokuwa Kafuro, kituo cha biashara karibu na Bweranyange, wakaja na silaha zao upande wa Rumanyika. Rogero aliondoka akiapa kurudi siku Waarabu watakapotoka. Mizimu ilikwisha kusema, na bado ilibidi pembe zilipwe.

Kasoro hiyo hiyo ilitafutiwa dawa mahali pengine. Mwaka 1793 mfalme Qianlong wa China aliagiza kwamba watoto waliodhaniwa kuwa ni Dalai Lama aliyezaliwa upya wachaguliwe kwa kura. Majina yaliandikwa kwenye vipande vya pembe, vikatiwa kwenye chungu cha dhahabu, na kura ikawa ya kupigwa Lhasa mbele ya wajumbe wake. Lalamiko lake lilikuwa kwamba waaguzi wa Tibet walikuwa wakiwapendelea watoto wa koo kubwa. Ni kweli kwamba alijipatia mkono katika mambo ya Tibet kwa njia hiyo, na Watibeti wengi hawakuipenda kura ile kwa sababu hiyo hiyo. Kiufundi, hata hivyo, aliligusa jambo lenyewe: alimwondoa mwaguzi kwenye kifaa.

Eneo la utawala wa Rumanyika leo liko katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, zilizogawanywa 2012, na jina lake limepewa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe tangu 2019. Waganga bado wapo, na sheria ya mwaka 2002 inawatambua na kuwataka wajisajili. Kinachotisha ni ramli chonganishi, ile iliyopigwa marufuku na serikali Januari 2015 wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, na ambayo kwa miaka mingi imewaua akina mama wazee wa Kanda ya Ziwa. Ipimeni kwa vipimo vile vile. Mteja anakuja na msiba wake. Mwaguzi anatazama kwenye maji au kioo, au anasema ameoteshwa, na anachokiona hakionwi na mwingine. Hakuna kijiti kinachoweza kupelekwa kibanda cha pili, hakuna hakimu wa kuhesabiwa nukta. Jina linalotajwa ni la jirani au shangazi ambaye hakuitwa, hakutema mate yake popote, wala hakupewa nafasi ya kuinama ajaribu kunyanyua chochote. Katika njia zote nilizozieleza, hii pekee ndiyo ambayo hukumu yake inamwangukia mtu asiyekuwepo, na ndiyo pekee ninayoona hakuna marekebisho yanayoweza kuifanya ifae.