Milimita 9 au Kalashnikov: risasi ipi inaifaa doria ya Bujumbura

Anayedhani kipenyo cha risasi ni habari ya wanajeshi peke yao, na atembee Buyenzi jioni. Nyumba zimebanana, ukuta wa jirani ndio ukuta wako, watoto wako uani na wauza maandazi wako barazani. Polisi anayepita hapo kabeba Kalashnikov. Risasi yake, 7.62×39, ina kichwa cha gramu 7.9 kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde, na nguvu yake hufika takriban jouli 2,000. Wasovieti waliibuni mwaka 1943 kwa ajili ya askari wa miguu anayemlenga askari mwenzake uwanjani, umbali wa mita 300. Vitabu vyao vya mafunzo vilieleza wazi kwamba ndani ya mita 100 inapenya ukuta wa matofali wa sentimita 12 hadi 15. Huo ni unene wa kuta nyingi za mitaa yetu. Risasi iliyomkosa mwizi barabarani inaweza kumkuta mtu aliyelala chumbani.

Silaha hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya mji. Ilirithiwa. Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa mwishoni mwa mwaka 2004, baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, kwa kuwaunganisha askari wa jandarmeri ya zamani na wapiganaji waliotoka msituni. Miaka yote ya vita vya wenyewe kwa wenyewe silaha ya kawaida ya pande zote ilikuwa Kalashnikov, na risasi zake zilikuwa zimejaa ghalani. Hakuna aliyeketi kuuliza doria ya Nyakabiga au Musaga inahitaji bunduki ya namna gani. Aprili 2015, maandamano yalipozuka katika mitaa hiyohiyo, mji uliona maana ya polisi kuwa na silaha ya vita mkononi pasipo kitu cha kati.

Zamani mji huu ulijua njia nyingine. Ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, ulinzi wa Ruanda-Urundi ulikuwa mikononi mwa Force Publique, jeshi la kikoloni lililokuwa na makao Kongo. Mwaka 1953 Ubelgiji iliidhinisha bunduki fupi ya Vigneron, iliyobuniwa na kanali Georges Vigneron, nayo ikafika mpaka Kongo. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na ushee, mtutu wa sentimita 30 hivi, na magazini ya risasi 32. Risasi yenyewe ilikuwa 9×19, ileile ya bastola ya Browning ya mwaka 1935 iliyokuwa kiunoni mwa maofisa. Kwa hiyo ghala moja na sanduku moja viliwatosha wenye bastola na wenye bunduki fupi, na hesabu ilikuwa moja. Sisemi hayo kwa kuusifu ukoloni. Wabelgiji walifanya hesabu ya ugavi, na hesabu hiyo bado ni sahihi.

Tuitazame risasi yenyewe. Ganda la 9×19 lina urefu wa milimita 19, nalo limechongoka kidogo kuelekea mdomoni, ndiyo maana linateleza vizuri kutoka kwenye magazini hata kukiwa na vumbi. Georg Luger aliitoa Ujerumani mwaka 1902. Kichwa cha gramu 8 hutoka katika bastola kwa mita 360 hivi kwa sekunde, sawa na jouli 520 au karibu yake. Kikipitishwa katika mtutu wa sentimita 25 hadi 30, baruti hupata nafasi ya kuungua vizuri zaidi, na kasi hukaribia mita 400. Nguvu hupanda hadi jouli 640 hivi, yaani chini ya theluthi moja ya ile ya Kalashnikov. Mtutu mrefu kuliko huo hauongezi la maana; unaongeza uzito tu.

Faida kubwa ya bunduki fupi, hata hivyo, si kasi. Ni kitako. Mtu aliyeegemeza silaha begani na kuishika kwa mikono miwili hulenga vizuri zaidi kuliko mwenye bastola, hasa polisi ambaye bajeti haimruhusu kufyatua risasi nyingi za mazoezi kwa mwaka. Kwa kuwa risasi ya 9 haina msukumo mkubwa, bunduki haihitaji mtambo wa gesi wala wa kufunga chemba. Uzito wa kiziba na springi vinatosha. Fundi wa ghala la silaha anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kazini siku hiyohiyo.

Vipenyo vingine havikosi wapenzi. Inchi .45 ya Wamarekani ina kichwa kizito cha karibu gramu 15, lakini ni ya polepole na kwetu haipatikani. 7.62×25 ya bastola za Tokarev ni nyembamba na ya kasi, inapenya kupita kiasi, na kupenya ndiko tunakokukimbia. Inchi .40 ilizaliwa Marekani mwaka 1990, baada ya FBI kupoteza maofisa wawili katika mapambano ya Miami ya 1986. Miaka ya 2010 FBI hiyohiyo ikarudi kwenye 9, kwa kuwa vichwa vya kisasa vinavyotanuka vilikuwa vimeziba pengo.

Lakini hoja inayonishawishi kuliko zote iko katika ramani. Burundi haina kiwanda cha risasi. Kiwanda cha Mzinga cha Morogoro, Tanzania, hutengeneza 7.62×39, na Luwero Industries ya Nakasongola, Uganda, vilevile. 9×19 hutengenezwa Eldoret, Kenya, katika kiwanda cha Kenya Ordnance Factories. Kwa hiyo risasi zote mbili zinapatikana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na anayesema 9 itatufanya watumwa wa Ulaya hajaitazama ramani.

Nisiipambe. 9 nayo inaua, na inapenya bati, mbao na mlango kama kawaida. Tofali la kuchoma ndilo mara nyingi huizuia. Ikifika mita 100 imekwisha kushuka kiasi cha kumlazimu mpigaji akisie, kwa hiyo wanaolinda kingo za msitu wa Kibira au mabwawa ya Rukoko wabaki na bunduki ndefu. Na hakuna bunduki inayochukua nafasi ya ngao, sauti na subira. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinazitaka serikali ziwape polisi zana za aina mbalimbali, ili nguvu ilingane na hatari.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji hulisahau: ganda linalobaki chini. Leo ganda la 7.62×39 likiokotwa barabarani halimwambii mpelelezi mengi, maana kila mwenye silaha analo. Sheria ya Brazil ya 2003 ilitaka risasi za vyombo vya dola zipigwe chapa ya namba ya shehena kwenye tako la ganda. Marielle Franco, diwani wa Rio de Janeiro, alipouawa Machi 2018, maganda ya milimita 9 yaliyookotwa yalionyesha shehena iliyouzwa kwa Polisi ya Shirikisho mwaka 2006. Chapa hiyo haikumtaja muuaji, lakini ilionyesha ghala lililovuja.

Hukumu yangu, basi: doria ya Bujumbura ipewe bunduki fupi ya 9×19, mtutu usiozidi sentimita 30, inayofyatua risasi mojamoja tu, na inayotumia magazini moja na bastola ya polisi. Kalashnikov zibaki ghalani kwa kazi za nje ya mji. Wizara inayohusika na usalama ianze na zabuni ya risasi kabla ya zabuni ya bunduki, na sharti la kwanza katika zabuni hiyo liwe namba ya shehena juu ya kila ganda.