Kivuli cha Mkoma

Anayetafuta gazebo ya kuweka uani Lodwar hakosi wa kumuuzia. Kuna za mabomba na turubai zinazokuja zimekunjwa ndani ya katoni, kuna za mabati ambazo fundi wa kuchomelea atakukamilishia wiki hiyohiyo, na kuna vibanda vya mkoma, vile ambavyo wanawake wa Kiturkana walikuwa wakivijenga kabla mji wenyewe haujakuwapo. Nimeketi chini ya aina zote tatu, na ushauri wangu ni mfupi: chukua cha mkoma. Maelezo yake ndiyo marefu, kwa sababu yamo mikononi mwa wajenzi, na mikono hiyo haitaki kutazamwa kwa haraka.

Katika boma la Kiturkana mke huwa na nyumba ya kulala, akai, na pembeni yake banda la kushindia mchana, ekol. Zote mbili hujengwa na mwanamke, kuanzia kukata fito hadi fundo la mwisho. Wazee wa kiume wana kivuli chao chini ya mgunga, kila mmoja na ekicholong yake, kigoda kidogo cha kukalia ambacho pia hulaziwa kichwa. Mti huo Mungu aliuotesha. Ekol inabidi ibuniwe.

Fito hukatwa zingali mbichi ili zikubali kupinda. Mama huchimba vishimo kwa mduara, huchomeka, huvuta ncha mbili zikutane juu, hufunga, huhamia nyingine. Hana kamba ya kupimia. Anapima kwa mkono wake ulionyooshwa na kwa kimo chake mwenyewe. Kisha yanakuja majani. Jani la mkoma hukunjuka mfano wa upepeo, na bua lake lina miiba iliyopinda kandokando. Nimemwona nyanya mmoja, nje kidogo ya Lodwar, akiyachambua moja baada ya jingine: anakunja jani karibu na bua, likikatika, analitenga, kwani limekauka mno, likinyumbuka, anaparura miiba kwa kisu pale ambapo kichwa cha mtu kitapita na kuiacha pale itakaposhikana na fito. Vifungio ni tepe za jani hilohilo zilizolowekwa maji zikalainika. Hakuna msumari hata mmoja.

Kazi kubwa kuliko zote huja anapoanza kuezeka, nayo ni kujua mahali pa kuacha wazi. Fundi wa Pwani akiezeka kwa makuti ya mnazi huyabananisha na kuliinamisha paa sana, maana Mombasa hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka na maji lazima yashuke upesi. Lodwar hupata karibu milimita 200, na joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Hapa paa linapigana na jua. Kwa hiyo mama hupishanisha majani kwa kiasi tu, hurudi nyuma, huingia ndani, hutazama juu. Nyanya yule alinyoosha kiganja chini ya paa wakati wa adhuhuri akahesabu vidoa vya mwanga vilivyomwangukia. Palipokuwa na vingi aliongeza jani. Palipokuwa hamna kabisa alichomoa moja, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokitazama: paa lililozibwa lote lingetupa kivuli kizito zaidi, lakini joto lingejikusanya ndani bila pa kutokea.

Upepo ndio mshirika wake. Turkana iko kwenye mkondo wa upepo unaopita kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, ukivuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, upepo huo unazungusha mitambo 365 ya kuzalisha umeme. Kuba la mkoma linaupitisha kwenye nyufa zake na juu ya mgongo wake. Turubai linaupinga hadi mabomba yang'oke, na bati la saa nane mchana linachoma utosi hata bila kuligusa. Msanifu Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso alipojenga chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021, aliweka minara mirefu ya kutolea hewa moto, akijifunza kwa vichuguu vya mchwa. Wazo ni lilelile, kuipa hewa moto njia, na mama wa ekol hulitekeleza kwa majani.

Ukiagiza kibanda kikubwa cha pembe nne, kama vinavyopendwa siku hizi, lielekeze paa mashariki-magharibi kwa urefu. Lodwar iko nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri halisumbui pande za kibanda. Linalosumbua ni la jioni. Saa kumi na moja, chini ya ukingo wa paa wenye kimo cha mita 2, jua huingia ndani zaidi ya mita 4. Mwombe fundi ashushe majani upande wa magharibi hadi usawa wa bega la mtu aliyekaa. Nguzo ziwe za mathenge: mti huo umevamia kingo za mito na malisho, na mbao zake ni ngumu. Sehemu itakayofukiwa ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Jiko liwe mbali.

Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, utaona ufundi huu ukikutana na jamaa zake. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992 na makazi ya Kalobeyei yakafuata 2016, na mbele ya nyumba za bati mtu hujiongezea kivuli kwa namna aliyoijua kwao. Wa Sudan Kusini hujenga rakuba, paa bapa juu ya nguzo. Wanawake wa Kisomali wanajua aqal, kuba la fito lililofunikwa mikeka, ambalo mama wa Kiturkana akilitazama hahitaji mkalimani.

Kabla ya kuafikiana bei, uliza mkoma umetoka wapi. Kando ya mto Turkwel miti ina wenyewe; kila familia ina sehemu yake ya ukingo, ekwar, na kukata bila ruhusa ni kosa. Mkataji mwema huchukua majani ya chini na kuuacha moyo wa mti. Malipo ya fundi yahesabu pia safari ya kwenda kukata, maana hiyo peke yake ni kazi ya siku nzima. Majani yakichoka hubadilishwa kidogokidogo, kwanza upande unaopigwa na upepo. Na mvua za Machi hadi Mei zikianza, tupia turubai juu ya paa, ulifunge vizuri, uliondoe siku zinapokatika.