Msuko wa Vasari: Ziara ya Uffizi kama Masimulizi

Ziara ya kuongozwa katika jumba la makumbusho ni utanzu wa masimulizi. Ina msimulizi, hadhira, mwanzo na kilele. Inastahili, basi, kuhakikiwa kama riwaya: nani anasimulia, na nini kinaachwa nje?

Jumba la Uffizi mjini Florence, Italia, ni mfano bora. Giorgio Vasari alianza kulijenga mwaka 1560 kwa amri ya Cosimo I de' Medici, liwe ofisi za dola. Ndiyo maana ya jina lenyewe. Vasari huyohuyo alikuwa ametoa, mwaka 1550, kitabu cha maisha ya wasanii kinachoieleza sanaa kama kiumbe kinachokua: inazaliwa upya kwa Cimabue na Giotto, inakomaa kwa Leonardo, inakamilika kwa Michelangelo. Kwa kawaida kiongozi wa leo hufuata msuko huohuo. Huanzia katika chumba chenye picha kubwa tatu za Bikira Maria, za Cimabue, Duccio na Giotto. Huwasimamisha wageni mbele ya Venus wa Botticelli. Kisha huwafikisha kwa Leonardo na Michelangelo.

Nguvu ya msuko huu haikanushiki. Mgeni anayeona magoti ya Maria wa Giotto yakijitokeza chini ya vazi huelewa papo hapo jambo ambalo kurasa nyingi zisingemweleza. Hata hivyo, masimulizi ya ukuaji hayamhitaji asiyekuwa hatua ya ukuaji.

Kasoro hiyo hudhihirika kwenye ushoroba, ambako msafara hupita haraka kutoka chumba hadi chumba. Juu, karibu na dari, zimepangwa sura za watu mashuhuri ambazo Cosimo alimtuma Cristofano dell'Altissimo kuzinakili, kuanzia mwaka 1552, kutoka mkusanyo wa Paolo Giovio huko Como. Yumo Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmaniya. Yumo pia Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia aliyefariki mwaka 1540. Vilevile, katika picha ya Mamajusi aliyoichora Dürer mwaka 1504, mfalme Mweusi amesimama na zawadi yake, sawa na wenzake.

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Msimulizi, hata hivyo, aweza kuyatungia. Mwaka 2020 makumbusho yenyewe, pamoja na Black History Month Florence, yalianza kuwaeleza watazamaji habari za watu Weusi waliomo katika picha zake. Hakuna picha mpya iliyohitajika. Kilichobadilika ni usimulizi.

Kwa Mwafrika anayeishi Ulaya, jambo hili si dogo. Akiongozwa kwa msuko wa Vasari pekee, hutoka akiwa mgeni aliyekaribishwa kustaajabia urithi wa wengine. Akisimamishwa ushorobani kwa dakika moja na kuambiwa ainue macho, hugundua kwamba Florence ya Cosimo ilijua Afrika ina wafalme, ikataka sura yao nyumbani mwake. Giotto hapungukiwi chochote kwa dakika hiyo.