Nyumba ya Wittgenstein Ilivyorudishwa Mwambani

Mwaka 1958 nyumba ya mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein ilifumuliwa na kuteremshwa kutoka kwenye mwamba ulio juu ya ziwa Eidsvatnet, magharibi mwa Norwei. Ikajengwa upya kijijini Skjolden, ikabadilishwa sura, ikakaliwa na watu. Tarehe 20 Juni 2019 ilifunguliwa tena palepale mwambani. Jina la mwenyewe ndilo linalovuta wageni. Mimi kinachonivuta ni namna kazi hii ilivyowezekana.

Kwanza, msingi. Walioihamisha walichukua mbao wakayaacha mawe, na mawe hayo yakabaki mahali pake miaka 61. Mafundi waliporudi, walioneshwa na mawe yenyewe upana wa nyumba na upande ilikoelekea.

Pili, magogo. Katika ujenzi wa jadi wa Norwei, magogo hulazwa moja juu ya jingine na kushikana pembeni kwa mikato, bila chokaa. Kila gogo lina nafasi yake. Likitiwa alama hufumuliwa na kurudishwa, ndiyo maana huko kuhamisha nyumba ni jambo la kale. Nyumba ya mawe ya Lamu haina bahati hiyo. Ukiivunja, utaokoa mlango na boriti. Ukuta wa matumbawe umekwisha.

Ugumu ulikuwa katika uamuzi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza wahifadhi duniani, unasema jengo la kihistoria halitenganishwi na mahali pake. Lakini mkataba huohuo unataka tabaka za kila zama ziheshimiwe. Kurudisha nyumba mwambani kulikuwa kutii kifungu kimoja na kukibana kingine, kwa sababu maisha yake ya kijijini nayo ni historia.

Naunga mkono waliorudisha. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1914 kwa ajili ya mtu aliyetaka kufikiri bila kusumbuliwa. Vita vikamzuia, akaja kuishi humo mara ya kwanza mwaka 1921, kisha akakaa tena mwaka 1936 na 1937, akiandika kurasa za mwanzo za Uchunguzi wa Kifalsafa, kitabu kilichotoka mwaka 1953 baada ya kifo chake. Maji aliyavuta kutoka ziwani kwa ndoo iliyopanda kwenye waya. Kijijini, mgeni angeona kuta za mbao tu, wala asingeelewa kwa nini mtu alihitaji waya ule. Mteremko na ziwa ni sehemu ya nyumba sawasawa na paa.

Hata hivyo, Arne Bolstad, mwanakijiji aliyeachiwa nyumba hiyo na Wittgenstein, ndiye aliyeiteremsha akaitumia. Asingeitumia, huenda magogo yangeozea mlimani na pasingekuwa na cha kurudisha. Mgeni anayepanda leo anastahili kusimuliwa miaka hiyo ya kijijini kwa urefu uleule anaosimuliwa falsafa.