Vibao Saba Mezani: Scrabble Inapima Nini?

Katika mikusanyiko yetu ya ughaibuni, iwe Idi, ubatizo au kumuaga mtu anayerejea nyumbani, haikosi meza moja ambayo vijana huikalia kimya. Ni meza ya Scrabble. Wazazi wanaipenda sana. Wanasema mtoto ananoa Kiingereza chake, na mgeni aliyefika juzi naye husukumwa akae hapo ili lugha impande. Mgeni akishindwa, huinuka akijiona mjinga wa lugha, hata kama nyumbani alikuwa mwalimu. Hapo ndipo sisi, ambao mchezo huu tunaupenda, tunapoona tuuseme kidogo.

Scrabble haipimi Kiingereza. Inapima kumbukumbu ya orodha. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa, na mwaka 2024 akautwaa na ule wa Kihispania. Alikariri maneno kama mtu anavyokariri namba za simu. Stefan Fatsis, katika kitabu chake Word Freak cha mwaka 2001, aliwaeleza wachezaji wa Marekani wanaojua maelfu ya maneno wasiyoyajua maana. Ndugu msomaji, huyo mgeni wetu anajua maana ya kila neno analolisema. Ni ujuzi mwingine kabisa.

Tazama mchezo wenyewe ulivyoundwa. Alfred Butts, mchoraji wa ramani za majengo aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ya Marekani ili ajue ipi iwe na vibao vingapi. Ndiyo maana E ina vibao 12, na K kimoja tu chenye alama 5. Sisi bila K hatuwezi hata kusema tunataka kula! Vibao vya S alivipunguza vikawa vinne, kwa sababu wingi wa Kiingereza ni rahisi mno: unabandika S mwishoni, basi. Kwetu wingi uko mbele ya neno, na neno hukua pande zote mbili. Weka "pata" ubaoni, mwenzako ataongeza "wana" kushoto, mwingine "na" kulia, na mnashangaa mnapatana.

Sasa tuchukue vibao saba: A, A, I, K, P, T, U. Mchezaji wa Kiingereza akivipata hukunja uso. Atatoa "pika", mnyama mdogo wa milimani anayefanana na sungura. Au "taka", fedha ya Bangladesh. Au "kata", mpangilio wa mapigo ya karate. Au "pita", ule mkate. Yote manne yanakubalika katika Scrabble ya Kiingereza, na yote manne mama yeyote wa Tanga anayatumia kabla ya saa nne asubuhi. Ila yeye akiyaweka, ataambiwa amebahatisha.

Neno la Kiingereza la kutumia vibao vyote saba kwa pamoja sisi hatukuliona. Kwa Kiswahili tulikaa na kikombe kimoja cha chai tukapata haya: utapika, ukapita, ukipata, kuipata, kupatia, akitupa, ikatupa, tukaipa, tukipaa. Maneno tisa, na bila shaka yapo mengine. Kwa hesabu ya Kiingereza kila moja lingeleta alama 63 pamoja na zile 50 za kumaliza vibao, kabla hata ya kugusa miraba ya rangi.

Je, hii ina maana Kiswahili ni bora kwa mchezo huu? Hapana, na tusijidanganye. Ina maana mchezo ungevunjika. Scrabble inasimama juu ya orodha iliyofungwa. Ile ya Collins, inayotumika nje ya Amerika Kaskazini, ina maneno zaidi ya 270,000, na neno ama limo ama halimo. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu utafute "tukaipa". Hulioni. Utaona "pa", na mengine yote umeachiwa wewe, sarufi na masikio yako. Hakimu wa Kiswahili hawezi kufungua kitabu tu. Inabidi aijue lugha. Hapo mgeni wetu angekuwa bingwa, na mtoto aliyezaliwa Leicester au Minneapolis ndiye angeinuka kimya.

Na orodha hiyo ya Kiingereza haikuona haya kuchukua vya kwetu. "Safari" imo, "bwana" imo, "matatu" imo. Lakini zikishaingia zinavalishwa S, zinakuwa "bwanas" na "matatus", na mtoto wetu anaziweka ubaoni kwa fahari bila kustuka. Hilo linatuudhi kuliko kushindwa.

Tumejaribu kucheza Kiswahili kwa vibao vya Kiingereza, tukiwa tumezitoa Q na X. K ziliisha mara moja, tukachora nyingine kwenye karatasi ngumu. Ubishi ulikuwa mkubwa kuliko mchezo. Mwenzetu wa Lubumbashi aliweka "kapita", yaani msimamizi wa vibarua. Wa Zanzibar akasema hilo si neno. Wa Mombasa akasema ni neno, ila maana yake mtu fulani kapita njia. Alama zilitolewa. Kilichobaki bila kuamuliwa ni "akitupa": anayetupa sisi kitu, na anayekitupa kitu jalalani, je, ni neno moja au mawili?