Mgeni wa Bamvua Hauziwi Safari ya Asubuhi

Nahodha wa Shela, kisiwani Lamu, akikutana na mgeni ufukweni huuliza mapema: umefika lini, na unaondoka lini? Mgeni hudhani ni mazungumzo ya kupitisha wakati, kumbe mwenzake anapiga hesabu. Akijua siku, anajua mwezi umefika wapi. Akijua mwezi, anajua maji yatajaa saa ngapi. Na akijua saa ya maji, anajua safari ya kumuuzia na safari ya kuinyamazia. Siku hizi maswali hayo huulizwa pia kwa WhatsApp, mgeni angali Nairobi au Ulaya. Naona humo mna njia ya kumlenga mteja iliyo bora kuliko nyingi zinazouzwa na kampuni za matangazo, na inafaa kuifungua tuone inavyofanya kazi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huja bamvua: maji hujaa sana mnamo saa kumi au kumi na moja jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi. Sasa mfikirie mgeni anayetaka kuona magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Njia ya mashua ni mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, nao hukauka maji yakitoka. Mgeni aliyefika wakati wa bamvua akiuziwa Takwa ya asubuhi, atakwama kwenye tope. Huyo huyo akiandikiwa kuwa Takwa ataiona alasiri, na asubuhi ufuo wa Shela utakuwa mpana wa kutosha watoto kukimbia hadi wachoke, amepata ujumbe unaomhusu yeye na wiki yake. Wiki inayofuata, maji mafu yakiingia, saa zinageuka: maji hujaa asubuhi, ingawa si mengi, na nahodha hukadiria kama chombo chake kitapita. Ofa ya wiki iliyopita haifai tena.

Ongeza pepo. Wakati wa Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ya Manda Toto huwa safi na anayependa kuzamia kutazama samaki ana sababu ya kwenda. Kusi likishika, bahari ya nje huchafuka, na mvua za katikati ya mwaka hufanya baadhi ya nyumba za wageni zifungwe. Anayetuma picha ile ile ya maji ya zumaridi mwaka mzima anajenga ahadi ambayo bahari haitaitimiza.

Jambo linalonivutia zaidi ni uchache wa habari zinazohitajika. Kampuni kubwa za matangazo ya mtandaoni zilijenga biashara yao juu ya kumfuata mtu: alichosoma, alichonunua, programu alizofungua. Aprili 2021 Apple ilipoanza kuzilazimisha programu kumwomba mwenye iPhone ruhusa kabla ya kumfuatilia, watangazaji wengi walipoteza macho yao. Nahodha hakupoteza kitu. Anachojua kuhusu mgeni ni tarehe tu, na mengine yote anayatoa kwenye mwezi, upepo na maji, ambavyo havina siri ya mtu ndani yake. Kinyume chake, kuweka jina la mteja mwanzoni mwa ujumbe uliotumwa kwa maelfu ni kazi ya mashine, na msomaji huitambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Chombo cha kazi ni WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018. Ndani yake mna lebo, na hapo ndipo wengi hukosea: huweka lebo za aina za watu, kama vile mzungu, Mkenya, tajiri. Lebo yenye faida ni ya wakati: anafika bamvua, anafika maji mafu, anafika Ramadhani. Kuna pia orodha ya kuwatumia watu wengi ujumbe mmoja, hadi 256 kwa orodha, na kila mmoja huupokea kama ameandikiwa peke yake. Ina sharti ambalo wafanyabiashara hulilalamikia, kwamba ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Mimi nalipenda sharti hilo. Aliyeihifadhi namba amekwisha kuamua kwamba anataka kusikia kutoka kwako.

Swali la pili linalostahili kuulizwa ni njia: unakuja kwa Manda au kwa Mokowe? Wa ndege hushuka Manda na kuvuka kwa boti moja kwa moja hadi Shela. Wa basi hufika Mokowe, huvuka hadi mji wa Lamu, kisha hutafuta boti nyingine au hutembea kandokando ya bahari, na katika bamvua maji yakijaa njia hiyo humezwa. Kwa huyu, ujumbe wa maana ni saa ya kutembea. Tofauti ya wageni ilionekana wazi mwaka 2020, usafiri ulipofunguliwa tena baada ya kusitishwa kwa ajili ya korona. Ndege za ndani zilirudi angani Julai 15 na za kimataifa Agosti 1, kwa hiyo mteja wa kwanza kuweza kurudi alikuwa Mkenya, alipaye kwa M-Pesa na ajaye kwa siku chache za mapumziko. Tangazo lililoandikwa kwa dola na kwa safari ya wiki mbili halikuwa lake.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inataka idhini ya wazi kabla ya kutumia habari za mtu kibiashara. Tarehe ambayo mgeni aliitoa ili awekewe chumba, aliitoa kwa ajili ya chumba. Ukitaka kumwandikia mwakani, muulize. Picha ni hatari zaidi. Mwaka 2023 baa moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ruhusa yake, na wageni wengi wa Shela huja hasa kwa sababu hawatazamwi na watu hapo.

Vipi utajua kama ujumbe unafanya kazi? Vitabu vya masoko husema gawa wateja mafungu mawili, ulinganishe. Kwa biashara ya mashua moja, wageni kumi huku na kumi kule hawathibitishi lolote. Afadhali usome majibu: mgeni akirudi na swali la saa au la bei, ujumbe umemgusa.

Usiache simu ikumbuke kila kitu kwa kalenda yake. Wageni wa Maulidi hufuata sherehe ya msikiti wa Riyadha, mwishoni mwa Mfunguo Sita, na mwezi huo husogea nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Kumbukumbu iliyowekwa kwa tarehe ya mwaka huu itachelewa kwa siku hizo mwakani, na baada ya miaka mitatu itamfikia mgeni mwezi mzima tangu arudi kwao.